Je, Wajua? Mwenye Kasongo Aliyeshika Kalamu

Je, wajua kwamba Kasongo ya karne ya 19 ilikuwa na mtawala aliyeandika kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili? Waingereza waliopita Maniema, mashariki mwa Kongo, waliandika kwa lugha yao, na Wabelgiji waliowafuata wakaandika kwa Kifaransa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alikaa Unguja uzeeni akaandika kwa hati za Kiarabu na kwa Kiswahili cha kwao: alivyoingia bara, alivyopigana, alivyonunua, alivyodai na alivyotawala. Wataalamu wengi wa fasihi wanakihesabu kitabu hicho kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiswahili. Binti mfalme wa Unguja, Sayyida Salme, alikuwa amemtangulia kuchapa kumbukumbu zake mwaka 1886, lakini yeye aliziandika kwa Kijerumani.

Je, wajua mwandishi huyu hakuzaliwa Maniema? Alizaliwa Unguja, karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa tajiri wa Tabora, naye alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa hiyo kijana alipoanza safari za bara hakubisha hodi. Nyumba ilikwisha kufunguliwa. Watu wa Kasongo wana haki ya kuuliza kama mtu wa kuja anaweza kuitwa mwanahistoria wa kwao. Nami nasema anaweza, kwa sababu moja tu: habari nyingi za ndani za miaka ile ya 1870 na 1880, nani alikuwa rafiki wa nani, nani alidaiwa na nani, zimo katika kitabu chake. Kwamba aliandika kama mwenye mali na si kama mwenyeji, hilo tutalifikia.

Je, wajua katika habari hizi kuna akina Kasongo watatu, na wasomaji huwachanganya kila siku? Kuna mji wa Kasongo, mashariki ya mto Lualaba, ambao hadi leo ni makao ya teritori ya Kasongo. Kuna Kasongo Rushie, mzee mtawala wa Utetera, ng'ambo ya magharibi, ambaye tutamkuta baada ya aya chache. Na kuna Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba, aliyemchelewesha msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron kwake kwa miezi mingi kuanzia mwaka 1874. Ukisoma mahali kwamba "Tippu Tip alikwenda kwa Kasongo", uliza kwanza: Kasongo yupi?

Je, wajua Kabambare ilikwisha kuingia vitabuni kabla ya Tippu Tip kuhamia Kasongo? Msafiri David Livingstone alifika huko Septemba 1869, akauandika mji huo kama Bambarre. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimlaza hapo kwa miezi, hana dawa, karatasi na wino vikimwishia. Februari 1871, karibu na kuondoka, alimwandikia barua rafiki yake Horace Waller. Barua hiyo ilififia hata haikusomeka, mpaka mwaka 2010 wataalamu walipoipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maneno yakatokea tena. Alipofika Nyangwe, mji wa soko kando ya Lualaba, karatasi ilipomwishia kabisa, aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino aliotengeneza mwenyewe kutokana na mimea. Mjadala wa nani aliandika kwanza habari za kusini mwa Maniema basi hauna utata: mgonjwa wa Kabambare alimtangulia tajiri wa Kasongo kwa miaka 30.

Na je, wajua alichoandika Livingstone juu ya gazeti lile? Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko Nyangwe, watu wa wafanyabiashara wa pwani walifyatua bunduki katikati ya umati wa wachuuzi, wengi wao wanawake. Wengine walipigwa risasi, wengine walizama Lualaba wakikimbilia mitumbwi. Livingstone aliona kwa macho yake, na hesabu aliyoipokea ilikuwa ya mamia ya waliokufa. Tippu Tip hakuwapo siku hiyo, alikuwa bado hajafika Nyangwe. Habari za mauaji zilipofika Uingereza ziliongeza shinikizo juu ya Unguja, na Juni 1873 Seyyid Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Wachuuzi wale wa Nyangwe hatujui majina yao, lakini kifo chao kilisaidia kulifunga soko hilo la Mkunazini, Unguja.

Je, wajua Tippu Tip anavyoanza maisha yake kitabuni? Anaanza na biashara. Kijana wa miaka 12, safari za karibu, mzigo wa sandarusi. Na hivyo ndivyo kitabu kinavyokwenda hadi mwisho: frasila za pembe, bidhaa za mkopo, bei za huku na bei za kule, nani alikopesha na nani alikataa. Tajiri wa Kihindi Taria Topan, aliyeshika forodha ya Unguja, anatajwa kwa heshima ambayo watemi wengi hawaipati. Msomaji anayetafuta hisia atachoka mapema. Anayetaka kujua uchumi wa Maniema ulivyokuwa ukienda hatapata daftari bora zaidi, kwa sababu mtu huyu alikumbuka deni kuliko mandhari.

Je, wajua jina Tippu Tip lina maelezo mawili? Yeye alisema ni mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni macho yake yaliyopepesa bila kukoma. Ni wazi lipi alilipenda.

Je, wajua vita vilivyomtajirisha havikupiganwa Maniema? Mwaka 1867 alipambana na Nsama wa Itawa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, mtemi ambaye wafanyabiashara wengi walikuwa wakimwogopa. Alijeruhiwa kwa mishale, akashinda, akaondoka na shehena kubwa ya pembe na shaba. Livingstone alikuwa jirani. Ilimbidi asubiri zaidi ya miezi mitatu katika kijiji cha Chitimba mpaka suluhu ipatikane na njia ifunguke, na wakati huo ndipo walipojuana. Kila mmoja amemtaja mwenzake kwa wema, jambo lisilo la kawaida kati ya mpinga utumwa na mfanyabiashara mwenye bunduki. Njaa ya njiani na uhaba wa chumvi huwapatanisha watu.

Sasa tukae kidogo hapa, maana hili ndilo tukio ninalolipenda kuliko yote katika kitabu, na ndilo linalonitia shaka kuliko yote. Je, wajua kwamba Tippu Tip alipata utawala wa Utetera kwa kusimulia hadithi ya ukoo? Akiwa katika nchi ya Urua alisikia kwamba mzee Kasongo Rushie wa Utetera alikuwa na dada waliotekwa zamani vitani, wakapotea. Alisikia majina yao. Akafunga safari hadi kwa mzee, akamweleza kwamba mmoja wa dada wale ndiye bibi yake, mzaa mama, aliyenunuliwa na babu yake Mwarabu na kupelekwa pwani. Mzee aliamini, au alitaka kuamini, au aliona bunduki zilizosimama nyuma ya mjukuu akaona heri kuamini. Akamkabidhi enzi. Pembe za ndovu za nchi nzima zikaanza kuletwa kwa mjukuu mpya.

Mwandishi hasemi kwamba alidanganya. Anayaweka mambo mawili jirani, alichosikia na alichodai, kisha anaendelea na hesabu ya pembe. Wahariri waliomsoma baadaye wameliona jambo hilo kuwa hila tu. Mimi naliona pia kuwa somo la kazi ya historia, maana mtu huyu alijua kabla ya maprofesa kwamba anayeshika simulizi ya nasaba ameshika nchi. Aliitumia historia ya simulizi ya Wakusu na Watetela kama wengine walivyotumia baruti, na kisha akaiandika. Ukiwa mtafiti wa Kasongo au Kibombo na unakusanya nasaba za machifu, weka kisa hiki mezani kabla hujafungua daftari.

Je, wajua alihamia Kasongo lini? Karibu na mwaka 1875, baada ya Utetera, na wafanyabiashara waliokuwapo wakamkubali kuwa mkubwa wao. Kabla ya hapo, Agosti 1874, alikuwa amekutana na Cameron, Mwingereza aliyetaka kuteremka na Lualaba hadi baharini. Tippu Tip alimshauri njia ya kusini na kumsaidia kuivuka nchi. Cameron akafika pwani ya magharibi, Angola, kwa miguu. Mto wenyewe ukabaki kitendawili kwa wageni kwa miaka mingine miwili.

Je, wajua Tippu Tip alishinda mbio za Krismasi? Hili si utani. Oktoba 1876 msafiri Henry Morton Stanley alifika upande wa Kasongo, akafanya mkataba: Tippu Tip na watu wake wamsindikize kuteremka mto kwa marhala 60, kwa dola 5,000 kama Stanley alivyoandika. Msitu ukawachosha, ndui ikawaua, wakafika Vinya Njara mwishoni mwa Desemba, na hapo wakakubaliana kuachana. Krismasi ilisherehekewa kwa mashindano ya mitumbwi na mbio za miguu. Tippu Tip, mtu mzima wa karibu miaka 40, alimshinda kijana Mwingereza Frank Pocock, akazawadiwa kikombe cha fedha. Pocock hakuiona Krismasi nyingine. Mwaka 1877 mto Kongo ulimzamisha.

Malipo yalikuwa kisa kingine. Stanley ameorodhesha alichotoa walipoachana: hati ya dola 2,600, punda wa kupanda, sanduku, mkufu wa dhahabu, vitambaa, shanga na bastola. Kwa Tippu Tip ahadi haikutimia, na alilikumbuka hilo kwa miaka 25. Wanahistoria wengi wa Ulaya walisoma upande mmoja tu wa daftari kwa muda mrefu. Faida ya kuwa na mwandishi wa Kasongo ni hiyo: safari ile sasa ina wasimuliaji wawili, na kila mmoja ana sababu ya kujipendelea.

Je, wajua mtawala wa Kasongo alilizunguka bara la Afrika kwa meli ili afike nyumbani? Februari 1887 Stanley alikuwa tena Unguja, safari hii akienda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji alimwajiri Tippu Tip kuwa wali wa Maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Wote wakapanda meli Madura, Tippu Tip na wake zake na watu wake wapata mia, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo, kisha wakapanda na mto. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Lualaba akaingia Kongo kwa mlango wa nyuma, akiwa mwajiriwa wa serikali. Pauni 30 kwa mwezi! Kwa tajiri wa kiwango chake hiyo ilikuwa pesa ya viatu. Alichokuwa akinunua Leopold ni muda.

Ushirika huo uliishia mahakamani. Kikosi cha nyuma cha Stanley kiliangamia Yambuya kikingoja wapagazi wa Tippu Tip, kamanda wake Barttelot akauawa Julai 1888, na lawama zikatupwa kwa Tippu Tip. Stanley alimshtaki Unguja akidai pauni 10,000. Mwaka 1890 wali akaondoka Maporomoko kwenda kujitetea, akipitia Kasongo na Tabora kwa mwendo wa mgonjwa. Shauri likafutwa. Hakurudi tena Kongo.

Je, wajua aliyesimulia anguko la Kasongo si Tippu Tip? Hakuwapo. Mji alimwachia mwanawe Sefu. Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya Dola Huru ya Kongo, mali ya Leopold, na wafanyabiashara, na Ngongo Leteta, aliyekuwa kapteni mkubwa wa upande wa Tippu Tip, akageuka na kupigana upande wa Wabelgiji. Kamanda Francis Dhanis akaiteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Ngongo Leteta alilipwa kwa risasi: maofisa walewale walimshtaki kwa uhaini wakamwua Septemba 1893. Miaka miwili baadaye askari waliokuwa wake waliasi huko Luluabourg, na uasi huo Kongo haijausahau.

Habari za mji siku ule ulipotekwa tunazo kutoka kwa daktari wa kikosi, Sidney Langford Hinde, aliyechapa kitabu mwaka 1897. Anataja magodoro ya hariri, vitanda vya nakshi, vyandarua, mishumaa, sukari, viberiti, bilauri za kioo na za fedha. Bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe. Maghala ya mpunga na mahindi. Na tani zipatazo 25 za pembe. Soma orodha hiyo kwa jicho la mwenye nyumba, si la mteka nyara. Jeshi lililodai kuja kuondoa utumwa lilihesabu pembe kabla ya kuhesabu watu.

Kabambare ilianguka mwisho, tarehe 25 Januari 1894. Ilikuwa kituo cha njia ya misafara kati ya Ujiji na Kasongo, nayo ilishikiliwa na watu wa Rumaliza, bwana wa Ujiji. Ilipotekwa, njia ya kwenda Ziwa Tanganyika ikawa mikononi mwa Wabelgiji. Sefu alikwisha kufa vitani miezi michache kabla. Kamanda Ponthier alijeruhiwa katika mapigano hayohayo akafa, jina lake likabandikwa mji wa Ubundu hadi baada ya uhuru: Ponthierville. Sefu hakuachiwa hata kituo cha reli.

Je, wajua kuna kitabu cha mtu aliyetekwa na watu wa Tippu Tip? Hapa ndipo safu hii ilipokuwa inaelekea tangu mwanzo. Disasi Makulo alikuwa mtoto wa kando ya mto Aruwimi, mbali kaskazini, wavamizi walipomkamata mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1883 Stanley alimnunua pamoja na watoto wengine, akamfikisha Kinshasa, na baadaye akalelewa na mmisionari George Grenfell. Alikua, akawa katekista, akaanzisha misheni Yalemba. Uzeeni aliwasimulia watoto wake maisha yake. Alikufa mwaka 1941, na mwanawe Makulo Akambu akayachapa Kinshasa mwaka 1983, kwa Kifaransa, na jina la Tippu Tip likiwa juu ya jalada.

Viweke vitabu viwili hivi mkono huu na huu. Katika cha Tippu Tip, watu waliotekwa ni idadi, au hata idadi hawapati. Ni sehemu ya kile kilichopatikana baada ya vita. Anataja kwa majina watemi, wadeni, washirika na wageni wa Kizungu. Mpagazi aliyebeba pembe kutoka Kasongo hadi Ujiji hana jina. Mwanamke aliyelima mpunga uliomlisha hana jina. Katika cha Makulo, mtoto ana jina, ana mjomba, ana kijiji, na anajua siku yake ilivyoanza kabla bunduki hazijalia. Sisemi kitabu cha kwanza ni cha uongo. Nasema kina upungufu wa makusudi, na asiyeona upungufu huo hajakisoma. Wanaomwuza Tippu Tip kwa watalii Mji Mkongwe, mbele ya mlango wake wa nakshi pale Shangani, wangefaa kukitaja na kitabu cha pili.

Je, wajua kitabu chenyewe kilichapwa wapi kwanza? Berlin. Mjerumani Heinrich Brode, aliyekuwa ubalozini Unguja, alimhimiza mzee aandike, akaigeuza hati ya Kiarabu kuwa ya Kirumi, akatafsiri, na mwaka 1902 na 1903 maandishi yakatoka katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki. Kisha Brode akaandika kitabu chake mwenyewe juu ya Tippu Tip, kikatoka Kiingereza mwaka 1907. Mwenye maisha hakukiona, kwani alifariki Unguja Juni 1905, kwa homa ya malaria. Afrika Mashariki ililisubiri toleo lake hadi mwaka 1958 na 1959, Wilfred Whiteley alipolichapa Kiswahili na Kiingereza ukurasa kwa ukurasa. Kifaransa kilichelewa zaidi: mwaka 1974 padri François Bontinck, profesa wa historia Kinshasa, alitoa tafsiri yenye maelezo mengi kushinda masimulizi, akitafuta tarehe ambazo mwandishi hakujali kuziweka. Hesabu miaka: Mkongo aliyesomeshwa kwa Kifaransa alipata kusoma historia ya Kasongo iliyoandikwa na mwenye Kasongo baada ya miaka 70.

Je, wajua Kongo ina historia nyingine ya Kiswahili iliyoandikwa na mtu wa chini kabisa? Mwaka 1965 André Yav, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga habari za mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi. Johannes Fabian aliichapa mwaka 1990. Si habari za Maniema, lakini ni ndugu wa pili wa kitabu cha Tippu Tip: mmoja ameandika akiwa kitini, mwingine akiwa jikoni.

Je, wajua mji wa kale wa Kasongo una wachimbaji? Mahali penyewe panaitwa Kasongo-Tongoni, nje ya mji wa sasa. Katika miaka ya karibuni timu ya wanaakiolojia wa Kongo na wa Ubelgiji, akiwamo Noemie Arazi, imepima na kuchimba hapo huku ikisikiliza wazee, na mwaka 2020 ikaandika katika jarida la Antiquity. Na Xavier Luffin wa Brussels amechapa nyaraka za Kiarabu na Kiswahili kutoka Kongo ya miaka ile zilizohifadhiwa Ubelgiji: barua za watu walioandikiana wenyewe kwa wenyewe, bila Mzungu kuwauliza. Kwa mwanahistoria barua kama hizo ni bora kuliko kumbukumbu za uzeeni, kwa kuwa aliyeziandika alikuwa hajui mambo yataishaje.

Je, wajua pia? Mpunga unaolimwa Maniema leo ulisambazwa huko na misafara ya watu wa pwani. Kasongo imebaki kitovu cha Uislamu Kongo, licha ya serikali ya kikoloni kuzibana madrasa na tariki kwa miongo kadhaa. Maniema ni jimbo lenye teritori saba, lililokatwa kutoka Kivu mwaka 1988, na makao yake ni Kindu, si Kasongo wala Kabambare. Na ukiwa Kariakoo, Dar es Salaam, utaswali Msikiti wa Manyema, uliopewa jina la watu ambao wazee wao walitoka ng'ambo ya ziwa, wengine wakiwa waungwana, wengine wakiwa wapagazi, wengine wakiwa wamefungwa kamba.

Basi, ikiwa kwenu ni Kasongo, Kabambare, Ujiji, Buyenzi ya Bujumbura au Kariakoo, na ndani ya sanduku la babu kuna barua ya hati za Kiarabu isiyosomeka, usiitumie kuwashia moto. Ipige picha pande zote mbili, andika ilikotoka na ilikuwa ya nani, umpelekee mwalimu wa historia au chuo kilicho karibu. Kisha mrekodi bibi kwa simu. Ukiwa na wazee wawili na muda wa mmoja tu, anza na yule ambaye ukoo hauna mazoea ya kutaja alikotoka.